Rayyan wa sita

Maalim aliinua uso kutoka kwenye daftari lake akaita, "Rayyan!" Watoto watano waliokaa jamvini wakaitika kwa sauti moja, "Naam, maalim!" Wangu alikuwa bado amesimama mbele yangu, kanzu mpya inamburuzika miguuni, naye akaitika, amechelewa kidogo nyuma ya wenzake. Kisha akageuka kunitazama kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe.

Ilikuwa Januari 2019, baada ya sala ya alasiri, katika chuo kimoja cha Kurani mtaani Ngamiani, hapa Tanga. Mwanangu alikuwa na miaka mitano na nusu. Nilikuwa nimempeleka kwa taratibu zilezile nilizopelekewa mimi: Juzuu Amma kwapani, sahani ya visheti iliyofunikwa kitambaa, na pesa kidogo ya maalim ndani ya bahasha. Kitu kimoja tu niliamini nimefanya vizuri kuliko wazee wangu, nacho ni jina. Nilikuwa nimemtafutia mwanangu jina ambalo, kwa hesabu zangu, mtaa mzima usingekuwa nalo.

Alizaliwa Julai 2013, katika kumi la kati la mwezi wa Ramadhani. Siku ya saba tukamfanyia akika, na kwa kuwa watu wamefunga, pilau ikaliwa magharibi pamoja na futari. Nakumbuka upepo wa kusi ulikuwa mkali, mikeka ya uani ikawa inakunjwa pembe, na mama zangu wadogo wakaiwekea sahani za kaimati juu ili itulie. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimenyolewa asubuhi, kinang'aa kama embe.

Kabla ya dua, Baba aliniita pembeni. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema, "Mwanangu, huyu kaja na jina lake mkononi. Wala hakuna haja ya kuhangaika."

Alikuwa na maana mbili kwa mpigo. Mtoto kazaliwa Ramadhani, na Baba mwenyewe anaitwa Ramadhani. Kwetu mjukuu kumrithi babu jina ni jambo la kawaida, na mtoto kuitwa kwa siku au mwezi aliozaliwa ni kawaida zaidi. Ndiyo maana darasani kwetu, miaka ya 1980, tulikuwa na Juma watatu, Hamisi wawili, Rajabu, Shabani, na wasichana Mwajuma na Mwanahamisi wasio na idadi. Mwanaidi tulikuwa naye mmoja, na kila mtu alijua kazaliwa sikukuu. Wale Juma tuliwatenganisha sisi wenyewe: Juma Mrefu, Juma wa Reli, ambaye baba yake alikuwa stesheni, na Juma Kitumbua, kwa sababu mama yake alipika vitumbua. Hakuna aliyeona tatizo. Hakuna mzazi aliyewahi kuja shuleni kulalamika kwamba mwanawe kachukuliwa jina.

Tena jina la Baba lilikuwa na kazi kuliko langu. Yeye hana cheti cha kuzaliwa. Tulipokuwa tunajaza fomu za kitambulisho cha taifa, alichokuwa nacho ni kauli ya mama yake tu: ulizaliwa mwezi wa Ramadhani, vuli inanyesha, vita vya Hitler ndiyo vimeanza. Mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kizungu, kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote na kurejea mahali pake baada ya miaka kama 33. Nikakaa na kalamu. Vita vilianza Septemba 1939, na mwaka ule Ramadhani iliingia katikati ya Oktoba. Basi tukaandika Oktoba 1939. Mtu mzima kapata tarehe ya kuzaliwa kutoka kwenye jina lake, kwa msaada wa mvua.

Lakini siku ile ya akika sikuyafikiria hayo. Nilimjibu, "Baba, mkweo analo neno."

Na kweli alikuwa nalo. Mke wangu hajawahi kumtaja baba yangu kwa jina, na mpaka leo hamtaji. Mkwe hatajwi. Akilazimika kumsema husema "Baba" au "mzee wa nyumba". Alikuwa ameshaniambia usiku, mtoto yuko kifuani: "Nitamwitaje mimi? Akimwaga uji nimgombeze kwa jina la mkwe wangu?" Nikamwambia watu hufanya njia, humwita mtoto Babu, maisha yanaendelea. Akasema, "Mtoto wa siku tatu nimwite Babu?" Tukacheka, tukaliacha hapo.

Ile ndiyo sababu niliyompa Baba. Ya kwangu ilikuwa nyingine, na sikuitoa kwa mtu.

Baba alikuwa fundi baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, na kijiwe chake kilikuwa chini ya mwarobaini, na bati moja la kukingia jua. Alinisomesha kwa kuziba pancha na kunyoosha rimu. Kucha zake zilikuwa na weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni wala kwa mchanga, na mtu akija kijiweni aliita kutoka mbali, "Ramadhani! Cheni hiyo!" Watu wazima, vijana, hata watoto waliotumwa na baba zao. Mimi wakati huo nilikuwa karani, shati jeupe, kalamu mfukoni. Nilipolisikia lile jina nililisikia kwa sauti za wale wateja. Nililiona jina la kijiweni. Nilitaka la mwanangu liwe na hewa nyingine.

Basi nilikuwa nimenunua kijitabu cha majina na maana zake, vile vinavyopangwa chini nje ya msikiti siku ya Ijumaa pamoja na miswaki na udi. Nikakisoma jioni tatu. Nilipofika herufi ya R nikakutana na Rayyan, na moyo ukanidunda, maana jina hilo nilikuwa nalo masikioni tayari: shehe mmoja alikuwa ameeleza redioni, wiki ileile, kwamba Peponi upo mlango uitwao Rayyan, wanaoupita ni waliofunga peke yao, na wakishaingia wote unafungwa. Maana yake aliyekata kiu. Mtoto wa Ramadhani, jina la mlango wa wafungaji. Nilijiona nimeokota lulu.

Baba aliposikia alinyamaza kidogo, akakunja mkono wa kanzu yake, akakunjua. "Jina zuri," akasema. "Lina maana nzuri." Akaenda kukaa na wazee. Dua ikasomwa.

Sasa rudi jamvini. Rayyan sita.

Nilijaribu kujitetea. Nilimwambia maalim, "Wangu ana y mbili." Mzazi mmoja aliyekuwa kibarazani akisubiri kumchukua wa kwake akadakia, "Wa kwangu naye ana y mbili, na a mbili mwishoni." Akalitamka kwa kulivuta, Rayyaaan, kama anayeuza kitambaa kwa pima. Akaongeza kwamba wa jirani yake yeye ana y moja, lakini karani aliyemwandikia cheti ndiye aliyeikula ya pili.

Maalim akacheka, akaligeuza daftari kunionyesha. Anaandika kwa herufi za Kiarabu, kwa wino mweusi, na mkono wake ni mzuri, herufi zimelala vizuri kama samaki kwenye sinia. Re, ye yenye shada, ile alama ya kuikaza herufi, alifu, nuni. Mstari wa nne, wa saba, wa nane, wa kumi na tatu, wa kumi na tisa: re, ye yenye shada, alifu, nuni. Y zetu zote tulizozihangaikia ofisini na kwenye fomu, mle hazikuwemo. Yalikuwa mayai ya kuku mmoja.

"Na wote si wa Ramadhani," maalim akaniambia, kana kwamba ananisikia ninavyowaza. "Huyu kazaliwa Desemba. Yule pale, baba yake kalipenda tu."

Nilisimama pale nikahesabu. Hadithi ya mlango wa Rayyan husomwa kila mwaka mwezi wa kufunga, misikiti yote, redio zote. Yule aliyekuwa kibarazani alikuwa na mke mjamzito na redio, kama mimi. Alinunua kijitabu kilekile, labda kwa mchuuzi yuleyule. Kila mmoja alijifungia chumbani akafanya siri, asije akaibiwa jina kabla ya siku ya saba. Mimi nilimficha hata dada yangu! Mfanyakazi mwenzangu Mkristo, ambaye nilimsimulia baadaye, aliniambia nisihuzunike: binti yake ni Glory, na shule ya awali alikoanza walikuwa Glory wanne, mmoja wao mtoto wa mwalimu.

Maalim alikuwa ameshika kalamu. "Baba yake?"

"Salim."

Akapekua kidogo. "Rayyan Salim ninaye mmoja. Babu yake?"

Nikachelewa kujibu. Mwanangu, ambaye huwa hangoji, akajibu yeye: "Babu yangu anaitwa Ramadhani."

"Ramadhani!" Maalim akaweka kalamu chini. "Unajua sina Ramadhani hata mmoja hapa? Nilipoanza kusomesha, jamvi hili lilikuwa na Ramadhani wanne kwa wakati mmoja. Nikiita mmoja nageukiwa na safu nzima. Sasa hata Rajabu sina. Juma ninaye mmoja, naye amehamia kutoka Pangani." Akaandika, akapuliza wino. "Basi huyu hapa chuoni ni Ramadhani. Kaa pale, Ramadhani, karibu na dirisha."

"Huyo ni Babu," mwanangu akasema. Jamvi zima likaangua kicheko.

Njiani kurudi nyumbani alikuwa kimya. Nilimnunulia ubuyu, akaushika mkononi bila kuufungua, rangi ikamtoka vidoleni hadi kwenye kanzu. Tulipofika karibu na nyumbani akauliza, "Baba, kwa nini mlinipa jina la watu?"

Nilimwambia ni jina zuri, lina maana nzuri. Nikajisikia nasema maneno ya Baba, kwa sauti ileile.

Nyumbani sikusimulia. Mke wangu alimuuliza mtoto chuo kilikuwaje, naye akasema wamefundishwa alifu na be, basi. Nilidhani jambo lile litabaki jamvini, pamoja na fimbo ya mwanzi ya kuonyeshea herufi. Nilisahau kwamba watoto ndio wanaobeba majina.

Haikupita wiki mbili. Ilikuwa Alhamisi, siku wasiyokwenda chuoni, jioni. Baba alikuwa amekaa barazani, redio pajani, sikio moja limeshaanza kuwa zito. Kijiwe alikuwa amekiacha miaka michache nyuma, ila pampu yake bado ilikuwa imeegemea ukuta nyuma ya mlango, na watoto wa mtaa walikuja kuiazima. Mimi nilikuwa ndani natafuta chaja. Nikasikia sauti za watoto barabarani, tatu au nne, wanapokezana:

"Ramadhani! Weee Ramadhani! Toka!"

Mke wangu alikuwa anakuna nazi uani. Akaacha. Nilimwona ameweka mkono mdomoni, na machicha yamemganda vidoleni.

Barazani redio ikapunguzwa sauti. "Nani huyo," Baba akasema, polepole, "ananiita jina langu kavukavu, hata mzee hamna?"

Nikatoka mbio. Wavulana wanne walikuwa wamesimama kwenye kivuli cha nyumba ya jirani, mpira wa makaratasi na kamba umebanwa kwapani na mkubwa wao. Nilitaka kuwafukuza. Yule mkubwa, kibogoyo wa meno mawili ya mbele, akamwamkia vizuri kabisa: "Shikamoo, babu. Si wewe. Tunamwita Ramadhani wetu."

"Marahaba. Ramadhani yupi?"

"Wa humu ndani. Wa chuoni. Yule anayekaa dirishani."

Baba aligeuza kichwa akanitazama. Sikuwa na la kusema, nikaanza kueleza mambo ya daftari, ye yenye shada, Rayyan sita, maalim hana namna. Nilieleza vibaya na kwa haraka. Aliniacha nimalize. Kisha akaizima redio kabisa, kitu ambacho haikuwa desturi yake kabla ya taarifa ya habari, akajisogeza ukingoni mwa baraza hadi miguu ikagusa chini.

"Mwiteni tena," akawaambia.

Watoto wakatazamana. Yule kibogoyo akavuta pumzi, akaita kwa nguvu zake zote, jina likafika hadi barabara ya pili: "Ramadhaniii!"

"Naam!" akaitika Baba, kabla mjukuu wake hajatokeza mlangoni, ndala moja mguuni na nyingine mkononi.