Jinsi kijana wangu alivyoshusha muda wa yadi 60

Huku Marekani, maskauti wa besiboli, yaani wasaka vipaji wa timu, humpima kijana kwa mbio za yadi 60, karibu mita 55, na wengi hutaka ashuke chini ya sekunde 7. Wangu aligota kwenye 7 na ushee, ingawa kila jioni alizunguka uwanja hadi akaloa jasho.

Tukaacha mizunguko. Nilimrekodi kwa simu, nikaona hatua ya kwanza anainuka wima mno. Sasa anaanza kiubavu, kama anayeiba besi, yaani mchezaji anayechomoka kukimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa: mguu wa nyuma unavuka mbele, kifua kimeinama. Anakimbia mita 10 hadi 30 kwa kasi yote, kisha anapumzika dakika nzima kwa kila mita 10. Hapo tulibishana sana. Vijana huona kupumzika ni uvivu! Tukaongeza skwati, zoezi la kuchuchumaa na kuinuka. Saa sasa inasoma 6.9.