Pikipiki ya Mbagala na pikipiki ya Leicester, hela inaenda wapi

"Kaka huko si mnalipwa kwa saa, nitafutie basi njia nije nipige delivery na pikipiki, huku hesabu inanimaliza." Meseji hiyo kanitumia mdogo wangu wiki mbili zilizopita, usiku wa bongo, katoka kijiweni Rangi Tatu. Nikamjibu kwa voisi note tatu ndefu afu nikaona bora niandike kabisa, maana swali hili naulizwa na vijana wengi sio yeye peke yake.

Mimi bongo nimeendesha pikipiki miaka sita, minne kati ya hiyo nilikuwa boda, Boxer ya mkataba. Walioipitia wanajua, kila siku ya Mungu unampelekea bosi elfu kumi yake, mvua jua, mwaka na miezi juu, ukimaliza kadi inakuwa yako na pikipiki nayo imeshachoka kama wewe. Huku Leicester, Uingereza, naendesha Yamaha YBR 125 ya mtumba, naenda nayo kazini, nalea wazee na shifti yangu inaanza saa moja asubuhi na basi la kwanza la mtaani kwetu halinifikishi kwa wakati. Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyalipia mwenyewe kwa mfuko wangu, pande zote mbili.

Tuanze na chombo chenyewe. Hii YBR niliinunua pauni 1,250, kwa hela ya nyumbani piga pauni moja mara 3,300 hivi, inakuja milioni nne na kidogo. Boxer mpya bongo nilivyoulizia mwaka jana inacheza milioni tatu na kitu. Yani bei ya pikipiki haijapishana kivile, na ndo maana mtu akiangalia bei tu anadhani huku ni kununua na kuwasha. Hapana. Huku pikipiki ni kitu cha mwisho kununua, kwanza unanunua ruhusa ya kuipanda.

Na hapa niliteleza, nawaambia ili nyie msiteleze. Ukija Uingereza kuishi na leseni yako ya Tanzania, kama ina daraja la pikipiki, unaruhusiwa kuitumia miezi 12 tangu siku uliyohamia. Mimi nilikuwa na daraja A kwenye leseni na sikujua, nikapanda mabasi mwaka mzima na zaidi, nilipokuja kuuliza muda umeshapita. Na huwezi kuibadilisha kuwa ya kwao hivihivi, nchi ambazo leseni zao zinabadilishwa ziko kwenye orodha maalumu, Afrika Kusini wamo, Zimbabwe wamo, sisi hatumo, Wakenya hawamo, Waganda pia. Miaka sita ya Mbagala, Kariakoo na Kongowe ikawa sifuri, nikaanza kama mtoto wa miaka 17.

Leseni ya mwanafunzi pauni 34. Kisha mafunzo ya lazima ya siku moja ambayo wao wanayaita CBT, yapo tangu 1990, nililipa pauni 165. Ukifaulu siku hiyo unapewa cheti cha miaka miwili, unabandika herufi L kubwa nyekundu mbele na nyuma, unaruhusiwa pikipiki isiyozidi cc 125, hupakii abiria hata mmoja na barabara zao kuu za mota wei hukanyagi. Miaka miwili ikiisha kabla hujapata leseni kamili unarudia na unalipa tena.

Ile siku sitaisahau. Jumamosi ya Novemba, uwanja wa kupaki magari wa shule moja, koni za njano, baridi inapita kwenye glavu kama vile hujavaa. Mwalimu wetu mama mtu mzima, nywele nyeupe. Mimi nilikuwa nachezea klachi na kukata kona za nane kiasi kwamba wenzangu wamesimama wanatazama, na moyoni nikasema hapa nimefika. Yule mama akanisimamisha. Akasema unaendesha vizuri kuliko wote hapa lakini hugeuzi shingo. Kabla hujakunja lazima ugeuke uangalie juu ya bega, kioo hakioni kila kitu. Nikarudia, nikasahau. Akanisimamisha tena. Mara nne. Jamani Dar nani anageuza shingo? Saiti mira zenyewe vijana wanazing'oa au wanazikunjia ndani ili zisigonge magari kwenye foleni, tunaendesha kwa honi na kwa kumtegemea Mungu.

Mchana tukatoka barabarani, angalau masaa mawili ni lazima. Huku ni kushoto kama kwetu kwa hiyo hapo sikuhangaika. Nafika sehemu ya kukunja kulia, indiketa nimewasha, kioo nimeangalia, hakuna kitu, nikakumbuka shingo, nikageuza, na hapo hapo ubavuni kwangu kuna mtoto kwenye baiskeli, karibu sana, nilimuona mpaka kamba za kiatu. Bila ile shingo ningemlalia. Nilivyosimama miguu ilikuwa inatetemeka na wala sio baridi.

Sasa baada ya hapo ndo mitihani ya leseni kamili, ukitaka kuondoa ile L. Nadharia pauni 23, mtihani wa uwanjani pauni 15.50, wa barabarani pauni 75 siku za kawaida. Hizo ada za serikali ni ndogo tu, kinachoumiza ni kukodi mwalimu na pikipiki yake. Na madaraja yao yanakwenda na umri, miaka 17 unapata zile ndogo, 19 za kati, zile kubwa kabisa mpaka ufike 24, au 21 kama umeshakaa na ya kati miaka miwili. Kodi ya barabara kwa kapikipiki kama kangu haifiki pauni 30 kwa mwaka, ukaguzi wa kila mwaka usiozidi pauni 29.65 unaanza pikipiki ikifikisha miaka mitatu.

Bima ndo mama yao. Mwaka wa kwanza nililipa pauni 640, na hiyo ni ile ndogo, ya kumlipa utakayemgonga pamoja na moto na wizi. Hiyo ni zaidi ya milioni mbili za kitanzania kwa karatasi. Nililalamika sana, nilimpigia mke wangu nikamwambia hawa watu wezi. Na huwezi kukwepa, namba yako kamera zinaisoma zinajua huna bima, ukikamatwa ni pauni 300 na pointi 6 za makosa kwenye leseni, na kama leseni yako kamili haijafikisha miaka miwili pointi 6 zinaifuta yote, unarudi kwenye L.

Ila kuna kitu kimoja kilinibadilisha mawazo. 2021 mdogo wangu huyuhuyu aligongwa na gari ndogo saa mbili usiku, dereva akatokomea, mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Tukafungua grupu la michango. Mama akauza viti, binamu akatoa laki, mimi nikatuma mara tatu, chuma cha mguuni, dawa, magongo, kodi ya chumba miezi mitano hafanyi kazi, na bosi pikipiki yake anaidai. Niliandika kwenye daftari, ilifika milioni 3.8. Sasa nikaja kujua kwamba huku ukigongwa na mtu akakimbia, au hana bima, kuna chombo kinaitwa Motor Insurers' Bureau, kipo tangu 1946, kinamlipa aliyeumia, na hela yake inatoka kwenye hizi hizi bima zetu tunazolalamikia. Yani kwenye ile 640 yangu kuna sehemu ya mguu wa mtu nisiyemjua. Kwetu mguu wa mdogo wangu ulilipwa na viti vya mama.

Faini nazo nisizisahau. Bongo 2021 serikali ilishusha faini za boda na bajaji toka elfu 30 mpaka elfu 10 kwa kosa, vijana wakafurahi na mimi nilifurahi kwa ajili yao, elfu 30 ilikuwa inakula siku nzima na zaidi. Lakini mshikaki bado naona kwenye video zao, watu watatu nyuma na helmeti ya abiria inaning'inia kwenye usukani. Rafiki yangu Mkenya wa Kisumu anasema kwao nduthi sheria inasema abiria mmoja tu, na mambo ni yaleyale. Kigali nilipita 2019, dereva alinipa helmeti kabla hajaniuliza naenda wapi, na tulipotaka kupanda wawili alikataa katakata. Kwa hiyo Afrika inawezekana kabisa, nimeiona kwa macho yangu.

Kila nchi na yake lakini. Binamu yupo Ujerumani, kule kupenya katikati ya magari kwenye foleni ni kosa, huku Uingereza ni halali ukipita taratibu, na California wameiandikia sheria kabisa. Marekani hiyohiyo majimbo ya Illinois, Iowa na New Hampshire mtu mzima hakuna sheria ya kumlazimisha helmeti. Mimi ningekuwa kule ningeivaa tu.

Sasa mdogo wangu, jibu lako. Delivery huku unahitaji bima nyingine ya kubeba vitu kwa malipo, mimi niliulizia kwa hii YBR wakaniambia zaidi ya pauni 1,900. Na ukija kwa viza ya mwanafunzi hairuhusu kujiajiri, na kazi hizo zinahesabika ni kujiajiri, hata uwe na pikipiki ya dhahabu. Watakuja watu kukwambia kodi akaunti ya mtu mwingine ya delivery ufanye kazi kwa jina lake, usithubutu, utapoteza viza kwa sababu ya mfuko wa kuku. Kama unataka kuja tutafute njia nyingine na mimi nitakusaidia, lakini uje na daraja A lako na uitumie ile miezi 12 usiichezee kama mimi.

Mwezi uliopita nilimpa mtu helmeti ampelekee mdogo wangu, ameivaa, picha nimeona, imemkaa vizuri. Nikamwambia nitumie na picha ya pikipiki mbele. Saiti mira ya kushoto ipo, ya kulia hamna. Jana nimemtumia elfu 15 ya kununua, leo jioni akitoka kijiweni anipigie video niione imefungwa.