Daftari la oda, mguu wangu na watu wa bima

"Fundi, wale wa bima walikulipa?" Nimeulizwa hivyo na kila mteja tangu nirudi kibandani. Ndiyo, walinilipa, baada ya miezi kumi na moja. Naandika kwa sababu mingi ya miezi hiyo ilipotea kwa mambo ambayo hakuna aliyenieleza mapema, na najua kuna mwenzangu yuko wodini saa hizi, mguu umefungwa, mbele yake kuna mtu na kalamu.

Mimi ni fundi cherehani, niko Goba. Mwaka jana mwezi wa nne, asubuhi ya mvua, nilipanda bodaboda inipeleke Kimara nikachukue mwendokasi hadi Kariakoo kununua vitambaa. Gari dogo likachomoka kwenye njia ya mtaani bila kusimama, likatupiga ubavuni. Kijana wa boda alichubuka mikono. Mimi nilivunjika muundi wa mguu wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani. Hospitali waliniwekea chuma.

Dereva hakuwa mtu mbaya. Alishuka anatetemeka, akatoa laki moja na nusu, akaomba tuyamalize palepale. Waliotuzunguka waliniambia nipokee, na mimi kwa maumivu yale ningepokea. Aliyekataa ni yule kijana wa boda. "Mama, bila ile fomu ya polisi, PF3, huyu atakuruka kesho." Akapiga picha namba ya gari, akapiga na mahali matairi yalipoishia, kisha akaenda kituoni kuifuata hiyo PF3 huku damu haijakauka kwenye viwiko vyake. Mungu amtunze. Karatasi ile imekunjwa mara nne na ina doa la tope pembeni, na kila ofisi niliyoingia waliiomba kabla ya kuniuliza jina.

Hadi siku hiyo nilidhani bima ndogo ni kitu cha kumwonyesha trafiki. Mama wa kitanda cha jirani, ambaye mumewe aliwahi kugongwa, ndiye aliyenifungua macho. Ile 118,000 anayolipa mwenye gari dogo kwa mwaka haimtengenezei gari lake hata taa moja. Iko kwa ajili ya atakayegongwa: mtembea kwa miguu, mtoto anayevuka, abiria wa bodaboda. Yaani mimi! Tukiwa palepale kitandani binti yangu aliingiza namba ya gari kwa simu kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima. Likatoka jina la kampuni na tarehe ya mwisho wa bima. Ilikuwa hai.

Kampuni yenyewe sitaitaja. Mara ya kwanza nilipofika na magongo yangu niliambiwa niende kwenye bima ya pikipiki, kwa sababu ndiyo niliyopanda. Nikarudi nyumbani, na ya pikipiki ilikuwa imekwisha muda. Mara ya pili nikaambiwa mteja wao, mwenye gari, hajaripoti ajali. Nikamfuata mwenye gari. Mara ya tatu wakataka ripoti ya polisi na mchoro wa eneo la ajali, kisha wakasema tusubiri kesi. Dereva alikiri mahakamani kuendesha kwa uzembe, akapigwa faini. Nilipopeleka nakala ya hukumu, maneno ya pikipiki yaliisha.

Hapo ndipo likaja la kipato. Nilidai miezi saba ambayo sikukanyaga cherehani. Ofisa wa madai akauliza, "Hati ya mshahara unayo, mama?" Sina. Sijawahi kuajiriwa. Nikamwambia ngoja, nikaenda, nikarudi keshokutwa na daftari langu la oda, lile kubwa lenye jalada gumu. Nikaliweka mezani kwake.

Alianza kulifungua harakaharaka, kisha akapunguza mwendo. Kila ukurasa una jina la mteja, kifua 38, kiuno 34, nyonga 44, aina ya mshono, bei, alichotanguliza, siku ya kuchukua. Sare za shule, vijora, gauni za send-off. Pembeni nilikuwa na ujumbe wa malipo ya simu niliouchapisha, na tarehe zinalingana. Akafika kwenye gauni la kijani la mama mmoja wa Tegeta, katanguliza 15,000. Baada ya hapo kurasa ni nyeupe. Akazipekua nyeupe zile tatu, nne, tano, akanitazama. Sikusema kitu, na yeye hakusema.

Hata hivyo, hundi waliyoniandalia ilikuwa 1,500,000, wakati risiti zangu za matibabu peke yake zilikuwa 2,340,000. Pamoja nayo kulikuwa na hati ya kusaini, yote kwa Kiingereza. Niliomba niende nayo nyumbani. Ofisa hakufurahi, ila alinipa. Binti yangu, yuko kidato cha nne, aliisoma mara mbili kwa kidole. "Mama, hapa wanasema haya ni malipo ya mwisho na kamili. Ukisaini, hudai tena chochote, hata kama mguu ukiharibika." Na chuma kilikuwa bado ndani! Kukitoa ni upasuaji mwingine, na ungekuwa juu yangu.

Sikusaini. Nilirudi kwa daktari akaandika ripoti kwamba chuma kitatolewa na kwamba kifundo hakitakunja kama zamani. Nikaandika barua ya kukataa kile kiwango, kwa Kiswahili, nikaambatanisha kila kitu, nakala kwa TIRA. Mwishoni nikaeleza kuwa wasiponijibu nitakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambako mlalamikaji halipi hata senti. Nilimwomba mhudumu wa mapokezi agonge muhuri kwenye nakala yangu, na tarehe.

Walinipigia wenyewe. Tulikaa mara mbili, tukafika 5,200,000, na gharama ya kutoa chuma ikiwemo humo.

Kitatolewa mwezi ujao. Sehemu ya fedha nimefunga mota kwenye cherehani, maana mguu huu haukanyagi kutwa nzima tena. Mama wa Tegeta alisubiri muda wote ule, hakudai kitambaa chake. Gauni lake la kijani ndilo nililoanza nalo.