Aliyehesabu waliofungwa kamba

Bwana asifiwe, wapendwa. Juma hili tusome Kutoka 3:7-10, tena tusome taratibu. Mungu anamwambia Musa kwamba ameyaona mateso ya watu wake, kilio chao amekisikia, na taabu zao anazijua. Kushuka kuwaokoa kunatajwa baadaye. Kwanza ameona.

Nimekuwa nikimwaza Verney Lovett Cameron, mtoto wa kasisi wa Uingereza aliyeingia jeshi la wanamaji mwaka 1857, akiwa kijana mdogo bado. Alitumika kwenye meli za kivita zilizokuwa zikisaka majahazi ya watumwa mwambao wa Afrika Mashariki. Baharini mambo yalieleweka: jahazi likikamatwa, mateka wanafunguliwa. Bara hakukuwa hivyo.

Machi 1873 aliondoka Bagamoyo na msafara kwenda kumsaidia Dakta Livingstone. Akachelewa. Huko Unyanyembe, karibu na Tabora, homa ilimlaza, na macho yakaugua hata akawa haoni. Katika hali hiyo ndipo, Oktoba, ilipomfikia habari kwamba Livingstone amefariki, na watumishi wake, Chuma na Susi, wako njiani na mwili wake. Aliwashauri wauzike hukohuko. Wakakataa, wakaubeba hadi pwani. (Nafurahi kwamba safari hiyo afisa hakusikilizwa.)

Macho yakapona, akasonga magharibi. Mwaka 1875, katika nchi ya Waluba, Kongo ya leo, hakupata njia ya kufika Atlantiki ila kwa kuandamana na Alvez, mfanyabiashara wa watumwa na pembe. Siku moja mwenzake Alvez, Coimbra, akaingia kambini na wanawake 52 waliofungwa kamba, mafungu ya watu 17 au 18. Wengine waja wazito, wengine wamebeba watoto, na wote wametwishwa mizigo ya nyara. Cameron hakumfungua hata mmoja; hakuwa na meli nyuma yake. Alichofanya ni kuhesabu, kisha akaifuata hesabu kule ilikotoka: ili wapatikane hao 52, vijiji visivyopungua 10 vimeangamizwa, vyenye watu kama 1,500 kwa jumla.

Hapo huwa nakwama. Alitembea msafara mmoja na wenye kamba, akalala kambi moja nao, miezi. Simsafishi kwa hilo, wala sithubutu kusema mimi ningerudi nyuma. Ila hakuzoea. Ukiamka kila asubuhi na mlio wa watu wanaoswagwa, sikio huziba lenyewe. La kwake halikuziba.

Novemba mwaka huo akafika pwani ya Atlantiki, Angola, hoi kwa kiseyeye. Mwaka 1877 kitabu chake kikatoka, juzuu mbili, na hesabu ile imo. Akaendelea kuandika na kuhutubia dhidi ya biashara hiyo. Malaika hakuwa: safarini humohumo aliandika tangazo la kuitwalia Uingereza bonde la Kongo, na serikali yake yenyewe ikalikataa. Mtu anaweza kumlilia jirani machozi ya kweli huku jicho moja liko kwenye shamba lake. Nabothi, aliyeuawa ili mfalme Ahabu alitwae shamba lake la mizabibu, angetuambia.

Nairudia ile aya ya 7, lile neno la kujua. Kitabuni Coimbra ana jina lake. Wanawake wale wana idadi.