Jenerali aliyejua siku na mahali, na bado akapigwa

Kuna ubishi hauishi kati yangu na jamaa zangu, eti ungeweza kurudi kipindi cha Vita Kuu ya Pili ukamnong'oneza jenerali fulani yatakayotokea kesho, vita si ingegeuka? Wengi wanasema ingegeuka fasta. Mimi nakataa, na sikisii, maana watu waliopewa kesho yao mkononi walikuwepo kweli na yaliyowakuta yanajulikana.

Chukua Crete, kisiwa cha Ugiriki, Mei 1941. Kisiwa kilikuwa chini ya Jenerali Bernard Freyberg wa New Zealand. Waingereza kule Bletchley Park, kituo chao cha kuvunja misimbo ya siri, walikuwa wanasoma ujumbe wa siri wa Wajerumani, kwa hiyo jamaa akaletewa mpango karibu mzima: wanashuka kwa maparachuti, wanautaka uwanja wa ndege wa Maleme, wa Rethymno na wa Heraklion, siku yenyewe hii hapa. Asubuhi ya Mei 20 anga ikajaa ndege, Freyberg yuko mezani anakunywa chai, inasimuliwa aliangalia saa tu akasema wamefika kwa wakati. Hebu fikiria, una askari zaidi ya 40,000 ukijumlisha Wagiriki, adui ananing'inia hewani hana pa kujificha, wengine walikufa hata ardhi hawajaigusa.

Na kisiwa kikaenda!

Juu ya Maleme kuna kilima, kwenye ramani kimeandikwa 107 kwa mita zake. Aliyekishika ni Luteni Kanali Leslie Andrew na batalioni yake ya 22 ya New Zealand. Simu zimekatwa na mabomu, redio inasumbua, vifaru viwili alivyotuma mbele vimekwama, kombania zake za mbele hazioni wala hazisikii, akaamini zimeisha kumbe zilikuwa bado zinapigana kule chini. Usiku ule akaondoa watu wake. Kulivyokucha Wajerumani wakakuta kilima hakina mtu, na siku hiyohiyo ndege zao za uchukuzi zikaanza kushusha askari wapya pale Maleme. Freyberg naye akili ilikuwa imegawanyika, anaogopa watakaokuja kwa bahari. Halafu ndege za kivita za Uingereza zilizobaki kisiwani zilikuwa zimeondolewa Mei 19, siku moja kabla, hapo unajua adui anakuja na huna cha kumpandia juu. Juni 1 mambo yakawa yamekwisha.

Hili ndilo linaloniuma kwenye habari ya Crete: siri ilikuwa kwa jenerali, lakini vita ilipotelea kilimani, kwa mtu aliyekuwa hajui hata kombania yake iko hai au la.

Najua mtaniletea Midway, kisiwa cha Wamarekani katikati ya Pasifiki, Juni 1942. Sawa, pale kujua kulifanya kazi. Wamarekani walishuku kwamba "AF" kwenye ujumbe wa Wajapani ni Midway, wakatangaza kwa makusudi redioni kwamba kisiwani maji ya kunywa yana shida, na baada ya muda kidogo Wajapani wakaripoti kwamba AF haina maji. Wajapani wakapoteza meli 4 za kubeba ndege. Ila angalia, Nimitz, admirali wa Wamarekani kule Pasifiki, alikuwa na meli 3 za kubeba ndege za kuweka pale, na moja, Yorktown, ilikuwa imeumia vibaya, mafundi wa Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani kule Hawaii, wakaikarabati ndani ya siku tatu hivi. Bila wale mafundi, taarifa ingebaki taarifa.

Sasa ligeuze, wape Wajapani ndio wajue. Tuseme wanashinda Midway. Viwanda vya Marekani je? Meli kubwa za kubeba ndege za aina ya Essex ziliendelea kutoka moja baada ya nyingine mpaka vita inaisha, Japani haikuwa na mafuta wala chuma cha kushindana na hilo. Na aliyelijua mapema kuliko wote ni Yamamoto mwenyewe, admirali wa Japani aliyepanga mashambulizi ya Pearl Harbor, amesoma Harvard, amekaa Washington. Mwaka 1940 alimwambia Waziri Mkuu Konoe kwamba akilazimishwa kupigana atatamba miezi sita au mwaka, baada ya hapo hana uhakika. Kutoka Pearl Harbor mpaka Midway ni miezi sita. Sasa wewe urudi nyuma ukamwambie nini ambacho hakukijua?