Kisigino, Mchanga wa Shela na Kilomita 42

Kisigino changu cha kulia kilianza kuuma wiki ya sita ya mazoezi ya marathoni, na sababu naijua. Kwa wiki mbili nilipandisha kilomita za wiki kutoka 38 hadi 55, na nusu ya hizo nilizikimbia mchangani kwenye ufuo wa Shela, hapa Lamu, nikidhani mchanga ni godoro.

Maumivu haya unayajua kwa saa zake. Ukishuka kitandani alfajiri, hatua tano za kwanza ni kama kukanyaga msumari. Ukifika msikitini yamepoa. Ukikaa kitako saa mbili kisha ukainuka, msumari umerudi. Panapouma ni upande wa ndani wa chini ya kisigino, pale unaposhikia ukano mpana unaotandaa chini ya unyayo mpaka mwanzo wa vidole. Usiku ukano hutulia umejikunja. Hatua ya kwanza huuvuta kwa ghafla, nao umeshachoka.

Mchanga mkavu ndio adui. Kisigino huzama chini kuliko vidole, kwa hiyo kila hatua shavu la mguu na ukano wa unyayo huvutwa zaidi ya inavyokuwa kwenye njia ngumu. Mchanga wa majimaji ni mgumu na mzuri, lakini ufuo una mteremko: ukienda upande mmoja tu, mguu wa upande wa bahari na wa upande wa nchi kavu haifanyi kazi sawa. Basi nenda na urudi palepale. Na hesabu maji. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, jua limeshakuwa kali, na saa kumi na mbili ufuo uliobaki ni ule mkavu wa juu. Siku za maji mafu, maji yanapojaa na kupwa kidogo tu, ndipo kupwa huangukia karibu na alfajiri. Mimi niliacha ufuo kabisa kwa wiki nane nikabaki na njia ya pwani ya mjini hadi Shela, kilomita tatu hivi, tambarare, ingawa nayo bamvua huifunika vipande.

Watu watakwambia pumzika mpaka kipone. Kupumzika kunapunguza maumivu, ila ukano hubaki dhaifu, na ukirudi mbioni tatizo linarudi lilelile. Kilichonitengeneza ni kuubebesha mzigo kwa kipimo, na nyumba zetu za mawe zina kifaa tayari: ngazi.

Kunja taulo iwe kama mkate mrefu, iweke ukingoni mwa kipandio, vidole vya mguu vikae juu yake vikipinda kuelekea juu. Kisigino kining'inie nje. Panda kwa mguu mmoja ukihesabu sekunde 3, simama juu sekunde 2, shuka sekunde 3. Mara 12, raundi 3, siku moja ndiyo siku moja sivyo. Baada ya wiki mbili vaa mkoba wenye dumu la maji la lita 5, maana lita moja ni kilo moja: mara 10, raundi 4. Wiki mbili tena, ongeza maji: mara 8, raundi 5. Uzito uwe ule ambao mara ya mwisho ya kila raundi inakutoa jasho. Kosa la wengi ni kushuka kwa kujiachia, au kuacha taulo. Taulo ndiyo inayovuta ukano. Bila yake umefanyia zoezi shavu la mguu tu.

Kabla ya kushuka kitandani, mguu unaouma weka juu ya goti la pili, shika vidole uvivute kuelekea muundi hadi usikie kwa kidole gumba cha mkono wa pili ukano umekaza kama kamba ya tanga. Sekunde 10, mara 10. Kikao cha atahiyatu, mguu wa kulia umesimamishwa na vidole vimekunjwa, ni mnyoosho huohuo. Wiki za mwanzo ulinichoma, nikaulaza mguu. Mwenye udhuru ana ruhusa.

Sakafu nayo. Tunavua viatu mlangoni na kutembea pekupeku kwenye saruji na vigae kutwa. Tafuta ndara za soli nene za ndani tu. Makubadhi ya ngozi ni mazuri kwa harusi, kwa kisigino kibovu hayana faida. Fundi viatu alinikatia visigino vya sponji vya milimita 8 kwa viatu vyote viwili, si kimoja, usije ukapata maumivu ya nyonga. Sponji laini hubonyea ikaisha baada ya wiki mbili; omba ile ngumu ya soli. Plasta ya kitambaa chini ya unyayo husaidia siku ya mbio ndefu, lakini kwa jasho letu hubanduka usipofuta ngozi kwa spiriti kwanza.

Pumzi niliitunza baharini: jaketi la kuokolea kiunoni, maji ya kina ambamo miguu haigusi chini, nayo ikikimbia. Dakika 10 polepole, kisha dakika 2 kwa nguvu na 1 polepole mara 8, kisha 10 polepole. Fanya maji yanaposimama, karibu na ufuo. Mkondo wa kati ya Lamu na kisiwa cha Manda maji yakitoka haumsikilizi mtu.

Kurudi mbioni: kwanza dakika 30 za kutembea bila maumivu, ndipo dakika 1 mbio na 2 mwendo, mara 8. Maumivu yasipite 3 kati ya 10, na hukumu inatolewa kesho yake alfajiri. Hatua za kwanza zikiwa mbaya kuliko jana, rudi kipimo cha nyuma. Usimeze vidonge vya maumivu kabla ya kukimbia: vinaficha hiyo hukumu, na mwili uliokauka kwa joto hauvitaki figoni.

Ukiminya kisigino pande zote mbili kwa vidole kikauma sana, au kikiuma usiku umelala, au kimevimba, acha haya yote uende hospitali. Huenda mfupa umepata ufa, na eksirei ya mapema inaweza isiuone. Sindano ya steroidi nayo si ya kurudiarudia. Hupunguza mafuta yanayolinda kisigino na inaweza kuukata ukano.

Wiki ya mashindano, mbio zikiwa Jumapili, ngazi za mwisho ni Jumanne, kwa sababu shavu la mguu lililochoka huvuta kisigino. Ndara za soli nene zinakwenda mkobani, za kuvaa pale tu viatu vya mbio vinapovuliwa.