Babu na namba za bolti

Babu yangu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akapigana Burma mwaka 1944. Hapa Bombo, Uganda, akisimulia bunduki yake ya Lee-Enfield, hakuanza na shabaha. Alianza na namba: ya bolti, kile chuma kinachosukumwa kufunga risasi ndani, lazima ilingane na ya mwili wa bunduki. Wakusanyaji wa bunduki za zamani wa Uingereza na Marekani nao hukagua hilo mapema. Kisha humulika ndani ya mtutu. Michirizi ikiliwa na kutu, bei inaporomoka.

Kinachoniuma mimi ni mbao. Mtu anapiga msasa, anapaka vanishi, anakata mbao ya mbele iwe bunduki ya kuwindia, eti kaipamba! Mihuri ya jeshi imefutika, thamani nayo. Mikwaruzo iacheni, jamani. Babu alipaka mafuta ya kitani tu.